Honi za upepo na haki ya njia

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na masahaba zake.

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona safu ya mawaidha ikizungumzia honi za magari. Utasema, Waislamu tuna matatizo chungu nzima, na huyu Ustadhi hakuona jingine ila honi? Naomba unisikilize kwanza. Dini yetu haikuiacha njia bila muongozo, na yako madhambi tunayoyadharau kwa sababu tu tunayafanya kila siku, hadharani, na watu wanatushangilia.

Anayeufahamu mji wetu wa Ifakara anaujua kwa mambo mawili: mpunga na baiskeli. Mkulima anapeleka gunia mashineni kwa baiskeli, mama anamuwahisha mtoto hospitali kwa baiskeli, mwanafunzi naye anakwenda shule kwa baiskeli. Kwa miaka mingi barabara ya kutoka Kidatu ilikuwa ya vumbi kiangazi na tope masika, na kwenda Mahenge au Malinyi ilibidi kungoja kivuko. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la mto Kilombero, lililopewa jina la Magufuli. Baadaye ikaja lami ya Kidatu hadi Ifakara, kiasi cha kilomita 67. Alhamdulillah, hiyo ni neema kubwa. Lakini kila neema ina mtihani wake. Lami imeleta mwendo, na mwendo umeleta watu wanaotaka wajulikane kuwa wanapita.

Msimu wa mavuno ukiisha, vijana wetu waliopata fedha za mpunga hununua pikapu zilizotumika ili wabebe mchele, mbao, ndizi na abiria. Hilo ni jambo la heri, maana kutafuta rizki ya halali ni ibada. Tatizo linaanzia kwa fundi umeme. Honi aliyokuja nayo mwenye gari haitoshi tena, inatakiwa honi ya upepo. Basi na lori lina upepo tayari kwa ajili ya breki, lakini pikapu haina. Kwa hiyo fundi hufunga kompresa ndogo ya umeme wa volti 12, mtungi wa kuhifadhia upepo, mipira, relei, na mabaragumu mawili au matatu mbele ya rejeta. Ukibonyeza, upepo uliobanwa unapita kwa nguvu kwenye mabaragumu na mji mzima unajua.

Wataalamu wanapima sauti kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Honi ya kawaida ya gari dogo, ukiwa karibu nayo, hupita 100. Hizi za upepo zinapanda juu ya hapo. Na tusidhani kuwa 110 ni zaidi kidogo tu ya 100, kwani kila desibeli kumi zinazoongezeka, nguvu ya sauti inakuwa mara kumi. Mtu anayepigiwa honi hiyo akiwa mita tatu mbele ya gari, juu ya baiskeli, anapigiwa kitu ambacho sikio la mwanadamu halikuumbiwa.

Niseme lililonifanya nishike kalamu. Kijana mmoja niliyemsomesha madrasa alinunua pikapu. Siku aliyofunga honi hizo alikuja nyumbani kunionesha. "Ustadhi, sikiliza hii," akaniambia, akabonyeza. Kuku wote wa jirani wakatawanyika. Nami, Allah anisamehe, nilicheka.

Wiki chache baadaye alinipa lifti kwenda mazikoni Mang'ula. Tulipofika karibu na Kiberege, mbele yetu alikuwapo mzee juu ya baiskeli, amefunga kiroba nyuma, anakwenda pembeni kabisa ya lami. Barabara ilikuwa nyeupe, hakukuwa na gari lingine. Kijana akabonyeza. Mzee akashituka, usukani ukamponyoka, akaanguka yeye na kiroba chake nje ya lami. Tulisimama, tukamwinua. Goti lilichubuka na mkono ukavimba, lakini Allah alimnusuru. Kijana wangu akawa anasema, "Shikamoo baba, samahani baba, nilidhani hujasikia." Mzee akapangusa vumbi, akajibu taratibu: "Marahaba. Mimi si kiziwi, mwanangu. Ungepiga ile ya kawaida ningekupisha."

Sikumuuliza mzee yule dini yake. Bonde letu lina Wakristo wengi, na huenda alikuwa mmoja wao. Nilichokiona wakati tunarudi garini ni maandishi makubwa juu ya kioo cha mbele: MASHAALLAH. Hilo ndilo jina la Mola wetu alilolisoma mzee akiwa amekaa chini kwenye vumbi. Safari iliyobaki nilikaa kimya, nikijua kuwa ile honi iliyomwangusha ndiyo niliyoichekea uani kwangu.

Ndugu zangu Waislamu, tukirejea katika Qur'an tunakuta kuwa suala hili limekwisha zungumzwa. Katika Suratul Luqman (31:18-19), mzee Luqman anamuusia mwanawe asiwabetue watu shavu kwa kiburi, asitembee katika ardhi kwa maringo, ashike mwendo wa wastani na ashushe sauti yake. Kisha inatajwa sauti ya punda kuwa ndiyo sauti inayochukiza kuliko zote. Tazama mpangilio huo: kiburi, mwendo, kisha sauti. Mambo matatu haya yamewekwa pamoja, na yeyote anayetumia barabara zetu anajua kwa nini. Huwakuti yametengana hata leo.

Tutazame pia historia ya adhana. Waislamu walipokuwa Madina walishauriana namna ya kuitana katika swala. Imepokewa na Bukhari kwamba wako waliopendekeza kengele kama ya Wakristo, na wako waliopendekeza baragumu kama la Mayahudi. Mambo yote mawili hayakuchukuliwa, ikachukuliwa sauti ya mwanadamu, naye Bilal (RA) akaamrishwa aadhini. Na Abu Daud amepokea kuwa Bilal alipewa kazi hiyo kwa kuwa sauti yake ilikuwa bora zaidi kuliko ya Abdullah bin Zaid aliyeota maneno ya adhana. Kwa hiyo Uislamu hauna ugomvi na sauti inayofika mbali, pale inapokuwa na haja na maneno yenye maana. Hata kwa jambo kubwa kama swala, Waislamu hawakutumia chombo cha kuwashitua watu.

Na je, msafara wa Mtume (SAW) ulikuwaje njiani? Ibn Abbas (RA) anasimulia, katika Bukhari, kwamba walipokuwa wakiondoka Arafa, Mtume (SAW) alisikia nyuma yake makelele makubwa na ngamia wakipigwa ili waende kasi. Akawaashiria watu kwa kiboko chake na kuwataka watulie, akawafahamisha kuwa wema haupatikani kwa kukimbiza wanyama. Hao walikuwa mahujaji, katika ibada, na bado waliambiwa watulie. Itakuwaje kwa anayekimbiza magunia ya mchele?

Ipo pia hadithi katika Abu Daud kuhusu masahaba waliokuwa safarini. Mmoja alilala, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, akazinduka kwa fazaa. Mtume (SAW) akabainisha kuwa si halali Muislamu kumtisha Muislamu mwenzake. Ulikuwa mzaha wa kamba tu, hakuna aliyeanguka wala kuvunjika. Na katika hadithi ya haki za njia, iliyomo katika Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Said al-Khudri (RA), mojawapo ya haki hizo ni kuwazuilia watu maudhi. Haikusemwa maudhi ya Waislamu peke yao. Njia ni ya kila apitaye.

Sasa nawajua madereva, watasema: "Ustadhi, wewe huendeshi. Vumbi la njia ya Mlimba, kona za Mahenge, malori ya miwa ya Kidatu yasiyosikia, ng'ombe katikati ya barabara, tusipige honi?" Hoja hiyo ina ukweli na sitaki kuipuuza. Honi ni kifaa cha usalama, na sheria inataka gari liwe nayo. Kumtahadharisha mtu asidhurike ni katika wema. Lakini tuwe wakweli wa nafsi zetu, kwani matendo hulipwa kwa nia. Je, honi inayolia saa nne usiku mtaani kumjulisha mke kwamba baba amerudi, hiyo ni kona ya Mahenge? Inayolia mbele ya wodi za wagonjwa, hilo ni vumbi la Mlimba? Inayolia kwa sababu tu wanafunzi wa kike wanapita, hiyo ni tahadhari ya nini?

Lipo na jambo la pili, la fedha. Siku ile ya Kiberege, tulipokuwa tunamwinua mzee, niliangalia matairi ya pikapu. Mawili yalikuwa vipara. Kijana wangu alikuwa na fedha za kompresa, mtungi na mabaragumu, hakuwa na fedha za matairi. Allah (SW) ametukataza israfu na akawaita wafujaji kuwa ni ndugu wa mashetani (17:27). Wengi tunadhani israfu ni chakula cha harusi. Kununua sauti ya kuwaambia watu wakimbie, huku huna tairi la kukusimamisha wasipokimbia, hiyo pia ni israfu, tena yenye hatari ndani yake.

Wenzetu wa Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu nchi zote duniani, wamelipitia hili. Huko watoto walizoea kusimama kando ya barabara wakiwaomba madereva wa mabasi wapige honi zenye muziki, na mwaka 2016 mchezo huo ukajulikana dunia nzima. Ulionekana mchezo wa furaha. Mwaka 2024, baada ya mtoto kufariki akilifukuzia basi, Wizara ya Uchukuzi ya huko ilitaka mabasi yenye honi hizo yazuiwe, ikaeleza pia kuwa zinapunguza upepo unaohitajika kwenye breki. Honi ilikuwa inakula breki! Nasi watoto wetu wanawaonesha madereva ishara ya mkono ili wapigiwe. Tusingoje msiba ndipo tujifunze.

Hapa kwetu pia ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na zipo kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele chini ya Sheria ya Mazingira. Lakini Muislamu hapaswi kungoja trafiki. Trafiki anaondoka jioni, malaika wanaoandika hawaondoki.

Na tusiwalaumu vijana peke yao. Misafara yetu ya harusi inapita mjini honi zikilia mfululizo. Tunawapokea mahujaji, watu waliotoka kufanya ibada, kwa honi hizo hizo. Hata vipaza sauti vyetu baada ya adhana tuviangalie. Abu Daud amepokea kwamba Mtume (SAW) akiwa katika itikafu alisikia watu wakisoma Qur'an kwa sauti za juu, akafunua pazia na kuwakataza wasiudhiane kwa kisomo. Kama kisomo cha Qur'an kina mpaka wake, kompresa ya volti 12 itakosaje mpaka?

Nashauri yafuatayo. Mwenye gari arejeshe honi ya kawaida katika usukani, na fedha ya fahari aipeleke kwenye matairi, breki na taa. Fundi Muislamu anapoombwa kufunga honi hizo amnasihi mteja, maana naye ni mshirika. Maimamu waliseme hili katika khutba, hasa wakati wa mavuno fedha zinapokuwa mifukoni. Na sisi walimu na wazazi tuache kucheka.

Kijana wangu amekwisha nunua matairi mapya. Honi bado hajazing'oa. Ananiambia, "Ustadhi, nimezifungia swichi ya pembeni, siku hizi sizitumii sana." Namuombea, na nimemwambia nitaendelea kumkumbusha kila Ijumaa mpaka ile "sana" iondoke.

Ndugu msomaji, lipo baragumu moja ambalo kila mmoja wetu atalisikia, litakalopulizwa kwa amri ya Allah, na waliomo mbinguni na ardhini wazimie isipokuwa amtakaye Yeye (39:68). Siku hiyo hakuna atakayeulizwa gari lake lilikuwa na sauti kiasi gani. Ataulizwa ni nani alimuudhi njiani. Mzee wa Kiberege naye atakuwapo.

Allah atujaalie tuwe miongoni mwa waja wake wanaotembea katika ardhi kwa unyenyekevu. Amin. Wabillahi tawfiq.