Mwalimu wa Miaka 15



Oktoba 21, 1969, Siad Barre na wanajeshi wenzake walitwaa madaraka kwa jirani zetu Somalia. Chukua mtoto wa Kibajuni wa Kismayu, ana miaka 10 siku hiyo. Nyumbani kwao wanasema Kibajuni, kilekile unachokisikia gatini Mokowe ukisubiri mashua ya kuvukia Amu. Mwaka 1972 serikali ikaamuru Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini. Mwaka 1974 shule za sekondari zikafungwa, maelfu ya wanafunzi wakapelekwa bara kuwafundisha wafugaji kusoma. Kijana wa miaka 15, ndevu hazijaota, anaitwa mwalimu na mtu wa makamo ya babu yake. Mchana mzee yuko na ngamia. Darasa lasubiri jioni.

Siibezi kazi ile, watu walijua kusoma kweli. Lakini kijana huyohuyo hakuwa na gazeti la kusoma ila la serikali, na barazani alijifunza kupima neno kabla halijatoka, maana idara ya usalama ilikuwa na masikio kila mtaa. Ndivyo alivyobaleghe.

Januari 1991 Barre akakimbia Mogadishu. Vita vikafika Kismayu, Wabajuni wakapanda majahazi kuja pwani yetu. Wengine walipokelewa na jamaa, wengine wakaishia kambini Mombasa, na aliyekuwa mwalimu utotoni sasa akapanga foleni kuandikishwa mkimbizi.