Kaseti Tupu

Je, ni dhambi kutunza kitu kizuri bila kukitumia? Swali hili limeletwa usharikani kwetu Basotu na kaseti. Mkristo mmoja, fundi wa redio, anakusanya kaseti za zamani ambazo hazijawahi kurekodiwa neno lolote: TDK, Maxell, Sony, BASF, za C60 na C90, zikiwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Huzitafuta minadani na katika maduka ya zamani ya Katesh na Singida. Wapo wazee wa kanisa wanaosema amefanya takataka kuwa mungu wake, na vijana wanamcheka. Mimi naona jambo hili linastahili kufikiriwa polepole.

Waliozaliwa baada ya simu wanivumilie kidogo. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963. Mwaka huohuo Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifungua Radio Sauti ya Injili kule Addis Ababa, nayo ikatangaza hadi serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipoichukua mwaka 1977. Redio ilisema, sisi tukasikiliza. Kaseti tupu ilileta jambo jingine: mtu wa kijijini naye aliweza kusema, na sauti yake ikabaki. Kwaya zilijirekodi kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya benchi. Ndugu waliokuwa mbali walitumiana salamu kwa kaseti badala ya barua. Ulipotaka wimbo usifutwe, ulivunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni. Ukibadili mawazo, uliziba matundu kwa karatasi.

Hoja ya haraka ni ile ya talanta (Mathayo 25), nami nimeisikia ikitumika dhidi yake. Haimfikii. Yule mtumwa alifukia mali ya bwana wake iliyotakiwa kufanya kazi. Leo ni nani anayehitaji kaseti? Simu ya kila kijana inarekodi. Hakuna jirani aliyenyimwa kitu. Tena katika Kutoka 16 mana iliyobakizwa hadi asubuhi iliingia mabuu, lakini pishi moja iliwekwa mbele za Bwana ili vizazi vijavyo vione. Basi Mungu hakatai kutunza. Ila pishi ile ilitunzwa kwa ajili ya watu waione.

Nilipomwuliza kwa nini hafungui hata moja, alijibu, “Mchungaji, nikishairekodi inakuwa kaseti ya kitu fulani. Sasa hivi inaweza kuwa ya kitu chochote.”

Jibu hilo halijanitoka. Augustino, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, anamweleza mtu anayetaka kuimba zaburi anayoijua. Kabla hajaanza, yote iko katika kutazamia. Kadiri anavyoimba, inatoka katika kutazamia na kuingia katika kumbukumbu, mpaka imalizike. Augustino hakuijua kaseti, lakini tazama inavyozunguka: utepe unatoka kushoto, unapita penye kichwa cha redio, unajikunja kulia. Kaseti za fundi wetu zina kushoto tu. Ni kutazamia kusikopungua.

Naelewa utamu wake. Upande mmoja wa C60 ni dakika 30. Ukimrekodi mzee mmoja, wengine umewaacha nje. Kijana asiyeposa kwa kuwa wasichana bado ni wengi anaijua hofu hii. Kuchagua ni kupoteza. Lakini Neno, ambaye vyote vilifanyika kwa huyo, alifanyika mwili: mwili mmoja, mama mmoja, Nazareti na si Yerusalemu, kwa lafudhi ileile ya Kigalilaya iliyomfichua Petro uani kwa kuhani mkuu. Mungu alikubali kuwa huyu, wala hakuona kwamba amepungukiwa.

Na kaseti iliyofungwa nayo haibaki ilivyokuwa. Ndani mna kipande kidogo laini kinachokandamiza utepe kwenye kichwa cha redio. Gundi yake hukauka kwa miaka, kikadondoka, hata kama nailoni haijaguswa. Fundi anajua hili kuliko mimi.

Hapa kwetu tunajua maana ya kupoteza. Mashamba makubwa ya ngano yalipofunguliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada, trekta zilipita hata juu ya bung'eda, makaburi ya heshima ya wazee wa Kibarbaig. Nyimbo za mazishi yale zimebaki vinywani mwa wazee tulio nao. Mmoja wao ni bibi yake fundi, Mkristo wa miaka mingi. (Watakaouliza kama inafaa kurekodi nyimbo hizo, hilo ni somo jingine, kwangu kuwakumbuka wafu si kuwaabudu.) Miaka yote hii mjukuu hajamrekodi, si kwa kaseti wala kwa simu aliyo nayo mfukoni. Kinachonisumbua mimi ni hicho, wala si lile sanduku lake.

Nimemwambia aanze na simu, kwa kuwa bibi amezeeka. Kuhusu simu amekubali. Kuhusu kaseti amesema atafikiri. Kisha akaniuliza kama redio kaseti ya usharika, ile iliyo stoo, bado inakubali betri.