Jina na Ulimi: Maadili ya Kuonja Divai ya Mouton Rothschild

Mswahili hutumia neno moja, ladha, anapousifu mchuzi na anapolisifu shairi. Matumizi hayo yanadokeza kwamba mwonjaji na mhakiki wa fasihi wanakabiliwa na tatizo moja. Wote wawili hutoa hukumu juu ya jambo lisilopimika kwa mizani wala kwa futi, na wote wawili hutaka hukumu hiyo ikubaliwe na wengine. Makala hii inadhamiria kulichunguza tatizo hilo kupitia mfano wa divai nyekundu ya Château Mouton Rothschild ya Ufaransa. Swali letu ni la kimaadili: anayekisifu kitu chenye jina kubwa, je, amekionja kitu chenyewe au amelionja jina? Msomaji ambaye imani yake haimruhusu kugusa kileo hatapungukiwa na chochote, kwa kuwa kinachohojiwa hapa si kinywaji bali ni uaminifu wa hukumu.

Shamba la Mouton liko Pauillac, katika eneo la Médoc, kaskazini ya mji wa Bordeaux. Ardhi yake ni ya changarawe isiyotuamisha maji, na mawe yake huhifadhi joto la mchana linalosaidia zabibu kuiva. Aina ya zabibu inayotawala pale ni Cabernet Sauvignon, yenye ganda nene linaloipa divai rangi nzito na ukakasi. Baada ya kuchachuka, divai huwekwa katika mapipa ya mwaloni kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha hukaa katika chupa kwa miaka mingi, pengine miongo, hadi ukakasi ule ulainike. Mwonjaji huitazama rangi yake mbele ya kitambaa cheupe, huitikisa katika bilauri ili inuse vyema, kisha huizungusha kinywani kabla ya kuimeza au kuitema. Huko kote anatafuta maneno: matunda meusi, mbao za mwerezi, moshi, ngozi. Kuonja kwa namna hii, basi, ni kazi ya lugha kama ilivyo kazi ya ulimi.

Historia ya shamba hili inalikuza swali letu. Nathaniel de Rothschild alilinunua mwaka 1853. Miaka miwili baadaye, kwa ajili ya Maonyesho Makuu ya Paris ya 1855 yaliyoandaliwa chini ya utawala wa Napoleon wa Tatu, madalali wa Bordeaux waliombwa kuziorodhesha divai bora za eneo lao. Waliziweka divai nyekundu katika madaraja matano, na kigezo chao kikuu kilikuwa bei ambazo divai hizo zilikuwa zikiuzwa sokoni. Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion zilipata daraja la kwanza. Mouton ikawekwa katika la pili. Philippe de Rothschild, aliyelichukua shamba mwaka 1922, alitumia miongo kadhaa kuipinga hukumu hiyo. Hatimaye, mwaka 1973, Jacques Chirac, aliyekuwa Waziri wa Kilimo, alitia saini amri iliyoipandisha Mouton hadi daraja la kwanza. Hakuna shamba jingine lililowahi kupandishwa daraja katika orodha hiyo.

Hapana budi tujiulize ni kitu gani kilichobadilika siku ile. Changarawe haikubadilika, wala divai iliyokuwa tayari katika chupa haikubadilika. Kilichobadilika ni jina, na pamoja na jina, matarajio ya wanywaji. Wahenga wetu walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Orodha ya 1855 inaupa msemo huu mtihani mgumu, kwani ndani yake bei ndiyo iliyothibitisha wema, na wema ulipokwisha kuthibitishwa ukawa sababu ya kuidumisha bei. Huo ni mduara ambao ulimi hauna nafasi ya kuukata.

Nafasi hiyo ilipatikana tarehe 24 Mei 1976. Siku hiyo mfanyabiashara Mwingereza aliyeitwa Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji mashuhuri wa Kifaransa mjini Paris, akawapa divai za Ufaransa na za Kalifornia bila kuwaonyesha majina. Kwa upande wa divai nyekundu, iliyoshinda ni Stag's Leap Wine Cellars ya 1973 kutoka Kalifornia. Mouton Rothschild ya 1970 ikawa ya pili kwa pengo dogo. Waswahili husema kuwa jina jema hung'aa gizani. Siku hiyo majina yalitiwa gizani kwelikweli, na waamuzi wakashindwa kuyatambua. Inasimuliwa kwamba mmoja wao, matokeo yalipotangazwa, alidai arudishiwe karatasi yake ya alama. Dai hilo lina uzito kwa mjadala wetu. Mtu aliyekwisha kushuhudia alitaka kuufuta ushahidi wake, si kwa sababu ulimi wake umegundua jambo jipya, bali kwa sababu amelijua jina.

Kuna walioyatumia matukio ya aina hii kudai kuwa ladha ni uongo mtupu. Wana hoja. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa taaluma ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi hao waliieleza kwa msamiati wa divai nyekundu. Ni dhahiri kuwa jicho linaweza kuuamrisha ulimi. Hata hivyo, kukosea si thibitisho kuwa hakuna cha kukosea. Pale ambapo hakuna ukweli wowote, neno "kosa" halina maana. Wanafunzi wale walikosea kwa sababu katika bilauri mlikuwa na kitu ambacho kilipaswa kutambuliwa na hakikutambuliwa.

Mwanafalsafa David Hume, katika insha yake ya 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alikikumbuka kisa kimoja kutoka katika riwaya ya Cervantes. Jamaa wawili waliionja divai ya pipa moja. Wa kwanza aliisifu lakini akasema ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili naye aliisifu, ila akasema ina ladha ya chuma. Watu waliwacheka. Pipa lilipomwagwa, ndani yake mlikutwa ufunguo wa zamani uliofungwa kwa ukanda wa ngozi. Tunachopenda kusisitiza katika kisa hiki ni subira ya jamaa hao. Walisema walichokionja, wakavumilia kuchekwa, na ushahidi wao ukangoja pipa limwagwe.

Je, ina maana kuwa mwonjaji mwaminifu ni yule asiyejua lolote kuhusu shamba? La, hasha. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, shamba la Mouton lilitwaliwa na utawala wa Vichy, na Élisabeth, mke wa Philippe, alifia katika kambi ya Ravensbrück mwaka 1945. Kibandiko cha divai ya mwaka huo kilipambwa kwa herufi V, alama ya ushindi. Anayeionja divai hiyo bila kuyajua hayo huenda akaipata ladha yote, lakini maana yake itampita. Ndiyo sababu ughushi ni dhambi hata pale unapoupendeza ulimi. Rudy Kurniawan, aliyehukumiwa kifungo cha miaka kumi mjini New York mwaka 2014, alichanganya divai nyumbani kwake na kuziuza kwa majina ya divai adimu za kale. Wapo wanunuzi waliozifurahia. Walichoibiwa, mbali na fedha, ni uhusiano wao na mahali, mwaka na mikono ya watu waliodhani wanawanywea jasho lao.

Hivyo basi, jina lina haki yake, na mipaka yake. Jina ni ahadi. Ahadi haiwezi kuwa shahidi wa kutimizwa kwake yenyewe. Maarifa kuhusu shamba ni halali yanapoturudisha kwenye bilauri tukiwa makini zaidi. Huwa rushwa yanapotuondolea wajibu wa kuonja.

Pierre Bourdieu, katika kitabu chake cha 1979 kuhusu utofautishaji wa kijamii, alionyesha jinsi ladha inavyotumiwa kutenga tabaka na tabaka. Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza ili fasihi ya Afrika iwekwe kitovuni. Waliihoji orodha ambayo wasomaji wa hapa waliirithi bila kushirikishwa katika kuitunga. Lakini hatari inabaki. Orodha mpya nayo inaweza kugeuka ya 1855, ikakaririwa na watu wasioonja. Mwanafunzi anayemsifu Shaaban Robert kabla ya kuisoma Kusadikika, na yule anayeyabeza mashairi huru ya Kezilahabi kwa kuwa aliambiwa si mashairi, wanalionja jina kama aliyedai karatasi yake kule Paris.

Wajibu wa mhakiki, kwa maoni yetu, ni kueleza alichokikuta katika matini kwa namna ambayo msomaji mwingine anaweza kwenda kukitafuta mwenyewe: ubeti upi, taswira ipi, sentensi ipi. Akigundua kwa kusoma upya kuwa alipotoka, na aibadili hukumu yake, akieleza kilichomrudisha nyuma. Ila asiibadili kwa kuwa ameambiwa nani aliandika. Alama alizozitoa gizani ni zake hata taa ziwashwapo, na hana budi kuzijibia.