Bwana Aliweka Mikono Mara Mbili

Katika Evanjili ya Mtakatifu Marko, sura ya 8, imeandikwa habari ya kipofu mmoja wa Betsaida. Watu walimleta kwa Yezu wakamsihi amguse. Bwana akamshika mkono, akamtoa nje ya kijiji, akamtia mate machoni na kumwekea mikono. Kisha akamwuliza kama anaona kitu. Yule mtu alikuwa anaona nusunusu tu: watu walikuwa machoni pake kama miti inayotembea. Bwana hakumkaripia, wala hakumfukuza kwa kuwa hajapona sawasawa. Alimwekea mikono mara ya pili, naye akaona vyema.

Wakatekumeni wapendwa, ya nini Bwana, aliyeituliza bahari kwa neno, amponye mtu huyu kwa hatua mbili? Wengi hueleza kwamba alitaka kuwafundisha Mitume namna imani inavyokua polepole. Maelezo hayo ni mema. Lakini mama mwenye mtoto kilema husikia na neno jingine humo: kuponya kidogo kidogo si kazi ya aibu, maana Bwana mwenyewe aliifanya.

Kule Bukavu iko nyumba iitwayo Heri Kwetu, na kule Goma iko nyingine iitwayo Shirika la Umoja. Ni nyumba za kuwatunza watu wenye vilema, watoto na wakubwa. Humo mna wataalamu wa mazoezi ya viungo, na karakana za kutengenezea miguu ya bandia, magongo, na vyuma vya kushikiza miguu iliyolegea. Mgeni anayeingia katika nyumba za namna hii akitazamia miujiza atachoka upesi. Ataona mtoto amesimama kati ya miti miwili iliyolazwa sambamba, mkono huu juu ya mti huu, mkono huu juu ya mti ule. Anapiga hatua tatu, anapumzika. Anapiga tatu nyingine. Kesho yake ni vivyo hivyo. Baada ya miezi, labda, anapiga hatua kumi bila kushika.

Tuseme mtoto amezaliwa na wayo uliogeukia ndani. Zamani wengi waliambiwa kwamba hakuna dawa ila kupasua. Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi miaka mingi huko Iowa, Marekani, alionyesha njia nyingine, nayo leo inafuatwa duniani kote, hata Afrika. Mtaalamu huushika wayo wa mtoto mchanga, huunyoosha taratibu kwa vidole, kisha huufunga plasta. Baada ya juma moja huifungua, hunyoosha tena kidogo, hufunga tena. Hufanya hivyo majuma matano, sita, au zaidi. Mara nyingi daktari hukata ukano wa kisigino, jeraha dogo tu, na plasta ya mwisho hukaa majuma matatu. Je, kazi imekwisha? Haijaisha! Mtoto huvikwa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, mchana na usiku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu mpaka afikie miaka minne au mitano. Hapo ndipo wazazi wengi hushindwa. Wanaona mguu umenyoka, mtoto analia usiku, basi viatu vinatundikwa ukutani. Na mguu unarudi ulivyokuwa.

Shida ya mtoto ambaye ubongo wake uliumia ni nzito zaidi: labda alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, labda malaria ilimpanda kichwani. Mikono imekakamaa, shingo haishiki kichwa. Mtoto huyu hatapewa ubongo mwingine. Lakini viungo vyake vikinyooshwa kwa upole kila siku havitajifunga kabisa. Akiketishwa wima katika kiti cha mbao chenye vizuio, atawatazama watu badala ya kutazama paa. Na asilishwe amelala chali, maana uji huingia mapafuni, nao huua. Fundi seremala yeyote wa kijiji aweza kukichonga kiti hicho, akionyeshwa vipimo.

Lakini katika vijiji vya Obokote, kama katika vijiji vingi, maneno ya uchawi hufika nyumbani kabla ya mwuguzi. Nani amemroga mtoto? Ni shangazi? Ni mke mwenza? Wanafunzi wa Yezu nao walikuwa na ulizo la namna hiyo. Walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyekosa, yeye au wazazi wake. Bwana alikana yote mawili. Anayejiandaa kwa Ubatizo aisome sura ya 9 ya Yohane kabla ya kumpelekea mpiga ramli mbuzi wake. Mbuzi yule ndiye nauli ya kwenda kwa daktari, na siku zile za kuagua ndizo siku ambazo mifupa ya mtoto mchanga bado ni laini. Vilevile kuna vilema vinavyozuilika. Mwaka 2017 ugonjwa wa polio ulionekana tena katika Maniema. Matone ya chanjo huwalinda watoto, nao wanaowaficha wakati wa chanjo hawamfichi mchawi, wanaifungulia polio mlango.

Habari ya shule ni fupi. Sheria ya nchi ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye vilema, na kusoma ni mojawapo. Mwalimu anayesema kwamba mtoto wa magongo atawasumbua wenzake anasema maneno ya uvivu. Amweke karibu na mlango, basi.

Linabaki jambo gumu, ndilo lile la kurudi nyumbani. Bukavu ni mbali, na njia ya msituni inajulikana. Mtoto hawezi kukaa huko miaka yote. Hurudi na vyuma vyake na mazoezi yake. Mama ana shamba, ana maji ya kuteka, ana watoto wengine. Katika Evanjili ya Yohane, sura ya 5, yuko mgonjwa aliyekuwa na ugonjwa miaka 38 karibu na birika. Alimwambia Yezu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Maji yalikuwapo, hatua chache tu. Aliyekosekana ni mtu. Lakini yule mwenye kupooza wa Kapernaumu alikuwa na watu wanne, nao walibomoa hata paa.

Kwa hiyo mama anapompeleka mtoto kwa mtaalamu, asiende peke yake. Aende na nyanya wa mtoto, au dada yake, au jirani mmoja wa darasa la wakatekumeni, naye atazame vizuri mikono ya mtaalamu inavyoshika goti na kisigino, kisha ajaribu mwenyewe mbele yake mpaka aambiwe kwamba ndivyo. Siku mama atakapokuwa shambani au mgonjwa, mtoto atanyooshwa. Na viatu vikianza kumbana vidole, warudi kubadilishiwa vingine kabla ya kuvivua.