Nguo ya Bei Rahisi Hulipwa na Nani?



Tangu 1 Juni 2019 mfuko wa plastiki umepigwa marufuku katika Tanzania, nasi tumezoea kwenda sokoni na vikapu. Lakini mtu aweza kufika sokoni pale Mpanda mjini na kikapu chake mkononi, naye amevaa plastiki tangu shingoni hadi miguuni. Maana poliesta, ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la tetroni, asili yake ni mafuta yale yale ya ardhini yaliyotengeneza mfuko ule. Nailoni hali kadhalika.

Je, ni dhambi kuivaa? Hapana. Wala hatuna ruhusa ya kumhukumu mama mwenye watoto watano anayechagua shati la mtumba kwa kuwa hukauka upesi wakati wa mvua na halidai mkaa wa pasi. Yeye anatumia akili aliyopewa na Mungu. Swali langu ni jingine: bei aliyolipa pale sokoni ndiyo bei yote? Na kama siyo yote, masalio yake analipa nani?

Sehemu moja analipa mvaaji. Vitambaa hivi havinyonyi jasho vema, na katika joto la Oktoba ngozi hubaki na unyevu, jambo linalopendwa na fangasi. Hilo ni dogo. Kubwa ni moto. Pamba hushika moto upesi, tusidanganyane. Lakini nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi, na jeraha lake huwa la kina. Na kitambaa kuukuu kikiwashiwa mkaa, moshi wake humwingia aliye karibu na jiko, ambaye mara nyingi ni mtoto wa kike.

Sehemu nyingine analipa mtu tusiyemwona. Kila tunapofua, nyuzi ndogo mno hukatika zikafuata maji, na maji ya Mto Katuma huishia Ziwa Rukwa. Kule Mwanza watafiti walichunguza sangara na sato wa Ziwa Victoria, na katika taarifa yao ya 2016 walieleza kwamba samaki mmoja katika kila watano alikuwa na vipande vya plastiki tumboni. Mla samaki naye ni jirani yetu, hata kama hatujui jina lake.

Mtu atasema: basi tuvae pamba, si inalimwa hapa Katavi? Kweli, Wilaya ya Tanganyika yaijua pamba. Lakini mkulima wake naye hupuliza dawa, mara nyingi bila kujikinga. Tena sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje ikiwa marobota, nasi tukanunua mashati yaliyokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Mwaka 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu ya ushuru, Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu hiyo. Sasa, aliyetuletea shati lisilovalika tena ametoa sadaka, au ametupa taka mbali na mlango wake? Yohana Mbatizaji alimwagiza mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu. Habari ya mwenye kanzu arobaini hakuigusa.

Tuanzie kanisani. Sare za kwaya hushonwa kila mara, nyingi za satini ing'aayo, zikavaliwa sikukuu mbili tatu, kisha zikalala sandukuni. Hapo hatuwezi kusingizia umaskini, maana twachagua wenyewe. Kabla ya kununua jora, mwombeni muuzaji uzi mmoja, muuchome kwa kiberiti. Wa pamba hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Wa plastiki hujikunja ukawa kidonge kigumu cheusi.