Gurudumu Lisilovuta

Ukitoka Kariakoo kuelekea Gerezani, jijini Dar es Salaam, utawasikia mafundi wa vyuma kabla hujawaona. Nyundo zinagonga, grainda zinalia. Ukisimama kidogo penye kivuli unaweza kumkuta mmoja wao akiunda guta. Guta lenyewe unalijua: baiskeli ya matairi matatu, dereva mbele, kitanda cha mzigo nyuma, likipita na madumu ya maji, makreti ya soda, au kabati la mtu anayehama.

Karibu kila kitu katika guta hilo kimeshatumika mahali pengine. Mbele ni baiskeli ya Phoenix iliyozeeka, imekatwa nyuma ya kiti. Kitanda ni engo zilizokuwa geti la mtu. Rimu za nyuma ni za pikipiki, kwa sababu spoku za baiskeli huvumilia uzito unaotoka juu lakini hupinda zikisukumwa ubavuni, na chombo cha matairi matatu hakiwezi kulala kwenye kona kama baiskeli inavyolala. Fundi anasugua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, maana juu ya kutu kiungo hakishiki. Kisha anashikiza tu kwa kuchomelea, nukta moja kila pembe, kwa kuwa chuma kikipoa hujivuta na kinaweza kuipindisha kazi yote. Hapo anachukua uzi. Ncha moja anaifunga kwenye shingo ya baiskeli, nyingine anaivuta hadi mwisho wa ekseli upande wa kushoto, anabana kwa kidole pale ulipofikia, anahamia kulia. Uzi ukizidi au ukipungua, ekseli imekaa upande. Anagonga kidogo, anapima tena. Napenda sana kumtazama mtu anayepima hivyo, asiyekigombeza chuma.

Lakini kilichonifanya nikuandikie wiki hii kiko kwenye ekseli. Mnyororo unakuja nyuma na kuizungusha. Wewe na mimi huenda tungefunga magurudumu yote mawili kwenye ekseli hiyo ili yavute sawasawa. Tungeona ndiyo haki. Fundi anafunga moja tu. La pili analiacha lizunguke lenyewe juu ya beringi zake.

Sababu ni kona. Magurudumu ya nyuma yakiwa yameachana mita 1, guta likikata kona ya kuingia mtaa wa pili, gurudumu la nje hutembea takriban mita 1.6 zaidi ya la ndani. Yakifungwa pamoja, moja litalazimika kuburutwa. Tairi linalika, ekseli inajikunja, na dereva anapambana na chombo chake mwenyewe. Guta lililofungwa hivyo huenda vizuri kwenye barabara iliyonyooka tu, nasi tunajua mitaa yetu ilivyo.

Sasa tazama mzigo. Weka mifuko 4 ya saruji, kila mmoja kilo 50, katikati ya kitanda, juu ya ekseli. Gurudumu lisilovuta linabeba kilo zilezile zinazobebwa na lile linalovuta.

Naomba tutulie hapa kidogo. Nyumbani kwako, nani anavuta? Na yule unayemwona havuti, umewahi kutazama amebeba nini?

Nawafikiria ndugu wawili ambao mama yao ni mgonjwa. Nimekutana na ndugu wa namna hii katika nyumba nyingi, na pengine nawe ni mmoja wao. Mmoja yuko mjini. Kila mwisho wa mwezi anatuma pesa ya dawa, na mwezi ukiwa mgumu anakopa ili asikose. Mwingine yuko kijijini na mama. Anamwogesha, anamgeuza usiku, anafua shuka, anaijua ile saa ya alfajiri ambapo maumivu huzidi. Wa mjini anasema moyoni: mimi ndiye ninayelibeba jambo hili, mwenzangu hajatoa hata shilingi. Wa kijijini naye anasema: yeye anatuma pesa na kulala, hajui harufu ya chumba hiki. Wote wawili wanampenda mama. Wote wamechoka. Na kila mmoja anamngoja mwenzake avute kama yeye ndipo amhesabu kuwa ndugu.

Kinyongo cha aina hii ni kigumu kukitambua kwa sababu kimevaa nguo za uaminifu. Mvivu hana cha kulalamikia. Anayelalamika ni yule anayeamka mapema. Katika Luka sura ya 15 tumezoea kumlilia mwana mdogo aliyepotea, lakini nakuomba wiki hii ukae na kaka yake. Alikuwa shambani akifanya kazi. Aliposikia ngoma na kujua zinapigwa kwa ajili ya nani, akagoma kuingia, akaanza kumhesabia baba miaka aliyotumika, na mbuzi ambaye hakupewa. Miaka ile ilikuwa ya kweli. Jasho lilikuwa la kweli. Na baba hakumkemea. Alitoka nje, akamfuata pale pale aliposimama, akamsihi. Moyo wangu hutulia kila nikifika hapo: Mungu hutoka nje pia kwa ajili ya mtu mwaminifu aliyenuna.

Kuna habari moja ya kale inayoendana na hili. Mwaka 1877 James Starley, mtengenezaji wa baiskeli wa Coventry, Uingereza, alisajili hataza ya gia inayoyaruhusu magurudumu mawili yavute pamoja huku kila moja likienda kwa mwendo wake. Gia za namna hiyo zimo kwenye magari mpaka leo. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia siku alipopanda na mwanawe William chombo cha watu wawili wanaokaa bega kwa bega, kila mmoja akikanyaga pedeli zake. Kijana alikuwa na nguvu kuliko baba, na chombo kikaacha njia. Kinachonigusa ni kwamba suluhisho lenyewe halikumtaka kijana apunguze nguvu, wala halikumtaka baba ajifanye kijana. Fundi wa Gerezani, asiye na fedha ya gia kama hiyo, amefika karibu na hapo kwa njia rahisi: ameliacha gurudumu moja huru.

Ni kweli kwamba guta linalovutwa upande mmoja huelekea pembeni kidogo dereva anapokanyaga kwa nguvu. Dereva hurekebisha kwa mkono, mara nyingi njiani, hata hakumbuki kwamba amefanya hivyo. Sijui nyumba isiyoelekea upande. Je, hatuwezi nasi kurekebisha hivyo, kidogo kidogo, bila kuitisha kikao cha ukoo kila mara?

Sisemi kwamba hakuna anayetegea. Wapo, nao huumiza wenzao. Lakini mwangalie fundi anaposhuku gurudumu: ananyanyua nyuma ya guta, analizungusha kwa mkono, anaweka sikio karibu. Mara nyingine beringi imekauka, nalo limekuwa likizunguka kwa shida muda wote mzigo ukiwa juu yake. Anatia grisi. Ni wangapi tumewahukumu kwa kutovuta, kumbe walikuwa wamekauka na hakuna aliyewagusa? Kusamehe kwingi kungeanza hapo, kwa kusogea karibu na kuuliza.

Basi, mpendwa, kuna jina lililokujia ulipokuwa ukisoma. Labda ni dada yako, shemeji yako, mwenzako wa jumuiya, au mwenza wako aliye chumba cha pili sasa hivi. Kabla ya Jumapili mtafute. Usianze na hesabu ya ulichotuma au ulichofanya. Hata kama ni sahihi, iache kwanza. Muulize analalaje siku hizi, na nani anampokea zamu akichoka. Kisha msikilize mpaka amalize.