Gesi ya Gari na Jirani Tusiyemwona

Liko swali linaloonekana dogo ambalo tungependa mlifikirie pamoja nasi. Mwenye gari la zamani, tuseme la miaka ya 1980, anakwenda gereji ya Tandika au Mwananyamala kwa sababu kiyoyozi kimeacha kutoa ubaridi. Fundi analegeza valvu, na gesi iliyobaki inatoka kwa mlio kama wa tairi linalopoteza upepo. Hakuna aliyekohoa. Mama anayekaanga mihogo kando ya uzio hakugeuka hata kutazama. Je, yuko mtu aliyedhulumiwa hapo?

Upole huo wa gesi ndio uliowavutia waliobuni matumizi yake. Mwaka 1930 mtaalamu wa Marekani, Thomas Midgley, aliivuta kifuani mbele ya wanasayansi wenzake, kisha akaipuliza na kuzima mshumaa, ili waone kwamba haina sumu wala haiwaki. Hakuwadanganya. Gesi hiyo, ambayo mafundi huiita R-12, haikuwa na ugomvi na mtu aliye karibu. Ilipita miaka 44 hata Mario Molina na Sherwood Rowland wakaeleza, mwaka 1974, kwamba hupanda juu sana, ikavunjwa na miale ya jua na kutoa klorini, nayo klorini huharibu tabaka la ozoni linalotukinga. Mwaka 1985 wanasayansi wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka hilo limepungua vibaya juu ya Antaktika. Itifaki ya Montreal ikafuata mwaka 1987, Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010 kuachana na gesi za namna hiyo.

Basi magari ya zamani hubadilishwa yatumie R-134a, ambayo haina klorini. Kazi yenyewe si ya kumimina tu. Gesi ya zamani yafaa ivutwe kwa mashine na kuingizwa mtungini. Mafuta ya kompresa hubadilishwa, maana yale ya zamani hayachanganyiki na gesi mpya, na kompresa isiyopata mafuta hukwama. Chujio la kukausha unyevu huwekwa jipya, vipira vya maungio hukaguliwa, pampu hutoa hewa yote iliyomo, halafu gesi mpya hupimwa kwa mizani, pungufu kidogo kuliko ile ya kwanza. Fundi wa haraka huyaacha hayo yote. Huifungulia ya zamani hewani, akajaza mpya, na gari likapoa kwa majuma machache.

Watu husema kosa ni la fundi. Sisi hatukubali upesi hivyo. Nani aliyesema, “Weka gesi tu, fundi, mengine acha”? Mwenye gari alipokata bei, alikata saa ile ya mashine na mtungi, kwa kuwa ndiyo sehemu ya kazi isiyomletea ubaridi wowote yeye. Fundi mwenye watoto wa kulisha alisikia na kutii.

Tena liko jambo wengi wetu hatulijui, au tunalijua na kulinyamazia. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Huzunguka mle mle. Ikipungua upesi, imevuja. Kwa hiyo anayeongeza gesi kila baada ya miezi michache bila kuziba palipotoboka anaiachilia hewani kwa awamu, ingawa mkono wake haukugusa valvu. Na R-134a nayo si maji ya kunywa: kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,400 kuliko kilo ya hewa ukaa, na ile ya zamani hufikia mara 10,000 na kuzidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali wakakubaliana kuzipunguza hata hizi zilizokuja kuokoa ozoni.

Mtu wa Temeke aweza kutujibu kwa haki kabisa: “Wenye viwanda walizimwaga miaka hamsini, leo mnanifuata mimi mwenye gari bovu?” Hoja hiyo ina uzito, na Itifaki iliisikia. Nchi tajiri ziliwekewa mwisho wa mwaka 1995, sisi tukaongezewa miaka, na mfuko wa fedha ukaundwa kusaidia nchi zetu. Lakini deni la mwingine halimpi mtu ruhusa ya kukopa bila kulipa. Hata hivyo aliyeathirika zaidi na ozoni iliyopungua ni mtu wa kusini ya mbali, kule Chile au New Zealand, asiyejua Tandika iko wapi.

Hatusemi ubaridi ni dhambi. Anayempeleka mgonjwa Muhimbili katika foleni ya Februari hana haja ya kutuomba radhi. Ila kiyoyozi hakiliui joto. Hulitoa ndani na kulitupa nje, ambako watu wamesimama wakingoja daladala.

Kwa upande wa mashine ya kuvutia gesi, ni ghali kwa gereji ya chini ya mwembe. Gereji tatu au nne za mtaa mmoja zingeweza kuchanga na kuitumia kwa zamu, nasi wenye magari tukaanza kwa kumwuliza fundi, kabla ya bei, gesi ya zamani ataiweka wapi.